Namna ya Kuijaribu Programu ya Simu Mbele ya Watumiaji Wake

Kabla ya kutafuta watu, andika kazi tatu au nne utakazowapa, kwa maneno ya maisha yao wala si kwa maneno yaliyomo kwenye programu. Ukimwambia muuza samaki wa sokoni Arua, Uganda, "bonyeza Miamala", umekwisha kumpa jibu. Mwambie hivi: "Mama, mteja anadai alikutumia pesa jana jioni, hebu hakikisha kama zimefika."

Kwa duru ya kwanza watu watano wanatosha. Jakob Nielsen, mtaalamu wa urahisi wa matumizi ya programu, alieleza mwaka 2000 kwamba idadi hiyo hufichua sehemu kubwa ya kasoro, na kwamba ni heri kurekebisha na kujaribu tena kuliko kurundika watu katika jaribio moja. Mimi nasisitiza kwamba miongoni mwao awemo asiyeona vizuri na asomaye kwa shida, kwa sababu wakisubirishwa hadi mwisho, kila kitu kitakuwa kimeshajengwa bila wao.

Omba idhini, kama Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya Uganda ya mwaka 2019 inavyotaka, na uiombe kwa lugha wanayoielewa, iwe Kiswahili au Kilugbara. Waeleze pia kwamba kinachopimwa ni programu, si wao.

Kisha kaa ubavuni, mwombe mtu aseme kwa sauti anachokiwaza, nawe unyamaze. Hapa ndipo wengi wetu hushindwa. Akiuliza, "Nibonyeze hapa?", mjibu kwa upole, "Kama nisingekuwapo, ungebonyeza wapi?" Tazama vidole vyake kuliko unavyosikiliza sifa zake, maana kwetu mgeni haambiwi kwamba alichokileta ni kibaya, atasema "ni nzuri" ilhali amerudi nyuma mara tatu.

Jaribu kwa simu yake mwenyewe, pale anapofanyia kazi. Nilimwona mama mmoja akiinamisha simu, akaifunika kwa kiganja, akakodoa macho, kisha akaniuliza kitufe cha kuthibitisha kiko wapi. Kilikuwa mbele yake: maandishi ya kijivu juu ya weupe, ambayo ofisini tuliyaona maridadi. WCAG, mwongozo wa kimataifa wa kufanya tovuti na programu zitumike na watu wenye ulemavu pia, unadai uwiano wa mwangaza kati ya maandishi na usuli wake usiopungua 4.5:1 kwa maandishi ya kawaida na 3:1 kwa makubwa. Kwa jua la saa saba mchana, mimi huvuka kiwango hicho kwa makusudi. Rangi nayo isibebe maana peke yake: muamala ulioshindikana uandikwe "Haukufaulu", usiachiwe wekundu tu.

Washa TalkBack, kisomaji cha skrini cha simu za Android kinachowasomea kwa sauti wasioona, fumba macho, upite programu nzima. Kitufe chenye picha ya nyumba kikisomwa "kitufe" bila jina, asiyeona amefungiwa mlango.

Jioni ileile panga kasoro kwa kuanza na zile zilizomzuia mtu kabisa kumaliza kazi. Zikisharekebishwa, rudi sokoni saa ileile ya jua kali.