Haidrojeni au betri? Piga hesabu mwenyewe kabla hujaamini tangazo

Mimi ni fundi wa foklifti za umeme, zile mashine za kunyanyulia mizigo ghalani. Kutwa nashinda na betri, chaja na mota, kwa hiyo kila ikitoka habari ya gari la haidrojeni "linalotoa maji tu", maswali yanaishia kwangu. Watu wanataka jibu la neno moja, nami sina. Ninalo karatasi, kalamu na namba chache, na ukizishika hizo huhitaji kunipigia simu tena.

Anza kwa kuuliza gesi yenyewe imetoka wapi. Karibu haidrojeni yote inayotumika duniani leo hutengenezwa kwa gesi asilia na makaa ya mawe. Kilo moja iliyotokana na gesi asilia inaacha hewani kilo 9 hadi 10 za kaboni dayoksaidi hata kabla haijafika kwenye pampu. Hiyo huitwa ya kijivu. Ya bluu ni hiyo hiyo, ila sehemu ya hewa ukaa imenaswa na kufukiwa ardhini. Hapo usiache kuuliza ni sehemu kiasi gani. Ya kijani ni ile ya kutenganisha maji kwa umeme wa jua, upepo au maji. Anayekuuzia akianza kumung'unya maneno, andika "kijivu" uendelee.

Tuseme ni ya kijani kweli. Sasa hesabu uniti za umeme, uniti zile zile za kwenye mita. Kutengeneza kilo moja kwa kutenganisha maji kunakula takriban uniti 55. Kuigandamiza na kuipoza ili iingie kwenye tangi la gari, weka nyingine 5. Jumla 60. Kilo hiyo ina nishati ya uniti 33 tu, maana zilizobaki zimepotea kama joto njiani. Ndani ya gari, seli ya mafuta (kifaa kinachotengeneza umeme kwa haidrojeni) inageuza kama nusu yake kuwa umeme, yaani 16 au 17, kisha mota na vifaa vyake vinachukua chao. Magurudumuni zinafika 15 hivi.

Chukua uniti 60 zile zile uzitie kwenye betri. Chaja na betri vinakula 6 hadi 9, mota nayo inakula kidogo, na magurudumu yanapata kama 45. Mara tatu. Kwa lugha ya paneli za jua, kazi inayofanywa na paneli 1 kupitia betri itataka 3 kupitia haidrojeni. Namba hizi zitasogea kidogo kutegemea mtambo, lakini pengo haliondoki, kwa sababu halitokani na uzembe wa fundi. Kila unapoigeuza nishati kutoka umbo moja kwenda jingine, unalipa, na haidrojeni inageuzwa mara nyingi.

Kuna hoja utakayopewa hapa: "Lakini mchana umeme wa jua huwa wa ziada, unatupwa bure." Ni hoja nzuri nusu. Mtambo wa kutenganisha maji ni ghali, na ukiuwasha saa tatu nne kwa siku ili usubiri umeme wa bure, saa zilizobaki umekaa tu huku deni lake likiendelea. Muulize mtu wa hoja hiyo mtambo wake utafanya kazi saa ngapi kwa mwaka.

Baada ya uniti, pima uzito na nafasi. Hapa haidrojeni inaanza kujitetea. Toyota Mirai, gari dogo la haidrojeni, inabeba kilo 5.6, ambazo ni kama uniti 186, inajazwa kwa dakika tano hivi na inakwenda zaidi ya kilomita 500. Betri ya uniti 75 peke yake ina uzito wa kilo 400 na ushei. Ila usidanganyike na zile kilo 5.6. Matangi yake ya nyuzi za kaboni yanakaribia kilo 100, maana gesi imebanwa kwa presha inayokaribia mara 700 ya hewa tunayovuta, na hata hivyo inajaza nafasi ya lita 140 hivi. Kuisafirisha ni kichekesho kingine: lori la tani 40 lenye mitungi ya chuma hubeba kilo mia tatu nne za haidrojeni. Kinachosafirishwa hasa ni chuma.

Sasa ishike kwa mikono, namaanisha fikiria siku ya kawaida ya kuitumia. Tangi likijazwa kwa haraka linapata joto, ndiyo maana pampu huipoza gesi hadi karibu nyuzi 40 chini ya sifuri. Kukiwa na unyevunyevu, mdomo wa pampu unavaa barafu na kung'ang'ania gari, na unabaki umesimama ukisubiri iyeyuke huku dakika zako tano zikipita. Kuvuja nako kuna mambo yake. Gesi ya kupikia hutiwa harufu ili pua ikuonye, lakini harufu hizo huwa na salfa, na salfa inaiharibu seli ya mafuta, hivyo kazi ya pua inabaki kwa vihisi. Moto wake mchana hauonekani vizuri. Mafundi wa zamani wa viwandani walikuwa wakitembea na ufagio wameunyoosha mbele, na ulipowaka ndipo palipovuja. Betri nazo si malaika, maana ya lithiamu ikishika moto ni kazi kubwa kuizima na inaweza kuwaka tena baadaye. Lakini hatari yake iko ndani ya boksi moja, si katika kila kiungo cha bomba.

Ukifika hapa, jiulize kazi yenyewe ni ipi. Gari dogo, pikipiki, basi la mjini, lori linalorudi kituoni kila jioni: betri, wala usipoteze wino. Kwenye foklifti, maghala makubwa ya Marekani yaliingia kwenye haidrojeni kwa sababu betri za zamani za madini ya risasi zilichukua saa nyingi kuchaji na zilihitaji chumba kizima cha kubadilishia. Walikuwa na sababu. Betri za lithiamu zinazochajiwa wakati dereva anakunywa chai zimeipunguza sana sababu hiyo.

Haidrojeni inastahili heshima pale inapotumika kama kemikali. Mbolea inahitaji amonia, na amonia inahitaji haidrojeni. Hakuna betri itakayochukua nafasi hiyo. Chuma pia: mradi wa HYBRIT nchini Sweden uliondoa oksijeni kwenye madini ya chuma kwa haidrojeni badala ya makaa, na chuma cha kwanza kikatolewa mwaka 2021. Ningeanza na viwanda hivyo kabla ya kumpa mwenye gari hata gramu moja. Kuhifadhi nishati kwa miezi nako kunawezekana, ukiwa na mapango ya chumvi chini ya ardhi. Teesside, Uingereza, walianza kuyatumia kuhifadhi haidrojeni miaka ya 1970. Ndege za masafa marefu bado ni ugomvi: betri ni nzito mno, na haidrojeni iliyofanywa kimiminika kwa nyuzi 253 chini ya sifuri inataka nafasi mara nne ya mafuta ya ndege.

Na kama bado unalitaka gari la haidrojeni, kabla hujasaini fungua ramani uhesabu vituo unavyoweza kuvifikia kwa tangi lililobaki nusu. Februari 2024 Shell ilitangaza kuvifunga vituo vyake vya magari madogo huko California. Mwenye gari la betri, kituo kikifungwa, anatafuta soketi. Wewe utatafuta nini? Ukiona vituo ni viwili na vyote ni vya kampuni moja, rudisha kalamu mfukoni.