Kuandika ukurasa wa man: kistari, nukta na mstari wa NAME

Ukurasa wa man, yaani mwongozo wa programu unaosomwa kwa amri ya `man` kwenye Linux na Unix, ni faili la maandishi matupu lenye makro (amri fupi za mpangilio) za groff, programu inayopanga maandishi hayo. Programu ya mtumiaji wa kawaida huwekwa sehemu ya 1, muundo wa faili la usanidi sehemu ya 5, amri za msimamizi wa mfumo sehemu ya 8. Tuseme programu yetu ni `panga`, basi faili ni `panga.1`:

```
.TH PANGA 1 2025-03-10 "panga 1.2"
.SH NAME
panga \- hupanga mistari ya faili kwa tarehe
.SH SYNOPSIS
.B panga
.RB [ \-r ]
.RB [ \-o
.IR tokeo ]
.IR faili " ..."
.SH OPTIONS
.TP
.B \-r
Geuza mpangilio.
```

Mstari wa NAME usiuchezee: jina, nafasi, `\-`, nafasi, maelezo mafupi. `whatis` na `apropos`, amri za kutafuta kurasa za man, huchota hapo. Ukiuharibu, ukurasa utafunguka vizuri lakini anayetafuta kwa `apropos` hataupata.

Kinachoandikwa kama kilivyo huwa herufi nzito. Kinachojazwa na mtumiaji huwa mlazo, ambao terminali nyingi huuonyesha kwa mstari chini yake. Mabano ya mraba yana maana ya hiari, nukta tatu ni kurudia. Mabano na nukta hizo mtumiaji hazichapi, kwa hiyo ziache kwenye herufi za kawaida.

Kosa linaloumiza watu zaidi ni kistari. Ukiandika `-r` bila mkwaju-nyuma (`\`), groff inaweza kutoa kistari cha maneno (U+2010). Msomaji ananakili amri, programu inaikataa. Anatafuta `-r` ndani ya ukurasa, haipati, ilhali anaiona kwa macho. Debian (toleo mojawapo la Linux) hukisahihisha kimyakimya, ndiyo maana kwako huenda kila kitu kikaonekana sawa. Kwenye chaguo na amri andika `\-` kila mara.

Pia, mstari ukianza na nukta, tuseme jina la faili la usanidi `.pangarc`, groff hudhani ni makro na mstari wote hupotea. Tanguliza `\&`: `\&.pangarc`. Kinukuu kimoja mwanzoni mwa mstari nacho ni vivyo hivyo. Mkwaju-nyuma wenyewe huandikwa `\e`. Aya mpya ianze kwa `.PP`, si kwa mstari mtupu.

Kagua kabla ya kusambaza:

```
man --warnings ./panga.1 >/dev/null
mandoc -T lint panga.1
MANWIDTH=60 man ./panga.1
```

Kisha lisakinishe kwenye `/usr/local/share/man/man1`, ruhusa 644, na uendeshe `mandb`, inayosasisha orodha ambayo `whatis` na `apropos` husoma.