Somo: Kukagua Datsun 240Z kabla hujatoa pesa

Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda Safari Rally, mashindano ya magari ya Afrika Mashariki, kwa Datsun 240Z, na mwaka 1973 Shekhar Mehta na Lofty Drews wakaishinda kwa gari la aina hiyo hiyo. Ndiyo maana likipatikana moja la kuuzwa Nairobi, moyo hutangulia akili. Naomba mnisikilize kwa jambo moja: kagua bodi kwanza, injini baadaye. Injini hufufuka. Bodi iliyoliwa na kutu itakufilisi.

Kabla ya kwenda. Mwombe muuzaji asiliwashe siku hiyo. Ukifika, weka mkono juu ya injini. Kama ina joto, huenda kuna tatizo la kuwaka asubuhi ambalo hataki ulione. Beba tochi, bisibisi, sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa, na fundi wako mwenyewe.

Namba. Fungua boneti. Namba ya chesi imegongwa kwenye ukuta wa chuma ulio nyuma ya injini. Gari la usukani wa kulia lianze na HS30. Linganisha na logbook, yaani hati ya umiliki wa gari, kisha tafuta rekodi ya NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani Kenya, uone jina la mwenye gari. Tarakimu moja ikipishana, funga boneti uende zako.

Kutu. Hapa usiwe na haraka. Anza chini ya betri, maana asidi huvuja miaka na miaka na kula chuma cha chini yake. Kisha inua gari kwa jeki, uweke stendi, ulale chini: tazama reli mbili zinazobeba sakafu, halafu ile pembe kati ya mlango na gurudumu la nyuma. Pitisha sumaku. Inapoteleza bila kushika, chini ya rangi kuna puti.

Nilikagua moja jekundu, linang'aa, muuzaji ameniambia mara tatu halina kutu. Kwa ruhusa yake nilibonyeza bisibisi kidogo tu chini ya betri. Ikazama hadi kwenye mpini, na unga wa kahawia ukanimwagikia kwenye mkono wa shati.

Injini na gia. Pima kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa, ya silinda zote sita. Moja ikiwa chini sana kuliko wenzake, uliza bei ya kufungua injini kabla ya kujadili bei ya gari. Barabarani, rudisha gia kutoka ya tatu hadi ya pili. Ikikwaruza, sinkronaiza, kile kifaa kinacholainisha gia kuingia, imechoka.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, la kwangu lina HS30 lakini injini ni ya cc 2,565. Nimeibiwa?*
Si lazima, ndugu yangu. Hiyo ni injini ya 260Z, toleo lililofuata 240Z, na inaingia bila shida. Ila namba yake iwe imeandikwa kwenye logbook, na bei ishuke, kwa sababu si injini lililozaliwa nayo.

*Nikiendesha nasikia harufu ya moshi ndani, na ekzosi ni mpya.*
Tazama raba ya mlango wa nyuma, dada. Gari hili likienda kasi hewa huvutwa nyuma, na moshi huingia palipopasuka. Badilisha raba zote, hata za taa za nyuma, na mpaka hapo usimbebe mtoto humo.

*Muuzaji hataki fundi wangu aliguse.*
Usilinunue.