Kihifadhi hakiui spora, kinazibana tu

Wasindikaji wengi wadogo huchemsha mboga, huziba chupa na kuhesabu kazi imekwisha. Bakteria waliokuwa hai hufa kweli, lakini spora zao, yaani bakteria waliolala ndani ya ganda gumu, zinabaki. Spora za Clostridium botulinum, bakteria anayetoa sumu kali kwenye chakula, huja na udongo na zinaweza kustahimili maji yanayochemka kwa saa kadhaa. Zinahitaji mvuke wa presha: nyuzi joto 121 kwa dakika 3 hivi, tena joto hilo lifike katikati kabisa ya chupa.

Ubaya ni kwamba joto pungufu ya hapo huziamsha spora nyingi. Chupa ikishapoa, spora huhisi virutubisho vilivyomo, hunyonya maji, ganda lake hulegea na bakteria huanza kukua humo ndani mwenye unyevu na pasipo hewa. Sumu yake inaweza kuwemo bila harufu wala povu, kwa hiyo kunusa chupa si kipimo.

Hapo ndipo kihifadhi kinapofanya kazi, na kila kimoja kina zamu yake. Kihifadhi kiitwacho sobeti huweza kuzuia spora isiote, hasa penye asidi. Nisini (kihifadhi kinachotokana na bakteria) na naitraiti (chumvi ya kuhifadhia nyama) huiacha iote, kisha humzuia bakteria anayechomoza asikue. Wakati huo ameshapoteza lile ganda, ni dhaifu. Benzoeti, kihifadhi kingine, nayo hutegemea asidi, na kuimwaga kwenye mboga isiyo chachu ni kupoteza pesa.

Kwa mtu wa mboga, mimi ningeanza na asidi. Botulinum haikui pH (kipimo cha uchachu: namba ikishuka, uchachu huzidi) ikiwa 4.6 au chini yake, lenga 4.2 ili ubaki na nafasi. Tumia siki ya asilimia 5 na usipunguze kipimo cha siki kilichomo kwenye maelekezo kwa sababu tu mteja analalamikia ukali, ongeza sukari. Kosa ninaloliona mara nyingi ni kupima maji ya juu tu. Kipande kinene cha karoti huchelewa kunywa siki, hivyo maji yanaweza kusoma 3.8 huku moyo wa karoti ukiwa bado juu ya 5. Subiri siku moja, saga vipande pamoja na maji yake, ndipo upime kwa kifaa cha pH kilichosawazishwa.

Kitunguu saumu kibichi ndani ya mafuta kiogope zaidi: kina udongo, hakina asidi, na mafuta yamefukuza hewa. Kitengeneze kidogo, kikae kwenye friji chini ya nyuzi 4, kiishe ndani ya siku 4.

Osha mazao kwa maji safi yanayotiririka na ukate sehemu zilizooza. Spora zikiwa nyingi, kihifadhi kilekile huzidiwa.

Wanaosindika nyama wapime naitraiti kwa mizani, si kwa kijiko, wakifuata kiwango cha sheria. Ikizidi ni sumu, na kwa kuwa inafanana na chumvi ya kupikia, chombo chake kiandikwe jina na kifungiwe mbali na jiko.