Kuongeza kilo ukiwa na mimba bila kupitiliza

Naandika hii baada ya kumpeleka sistangu hatua kwa hatua tangu mimba yake ikiwa changa, na vile tulihangaika na mizani sitaki mtu mwingine apitie.

1. Anza na uzito wa kabla ya mimba. Chukua kilo, gawanya kwa urefu wako wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Sista alikuwa kilo 62, urefu 1.60, kwa hivyo 62 gawanya kwa 2.56, inakuja 24.2. Hiyo namba (ndiyo wanaita BMI) ikiwa chini ya 18.5 unatarajiwa kuongeza kilo 12.5 hadi 18 mimba nzima, kati ya 18.5 na 24.9 ni 11.5 hadi 16, kati ya 25 na 29.9 ni 7 hadi 11.5, na 30 kwenda juu ni 5 hadi 9. Hiyo ni ya mtoto mmoja, mapacha wana hesabu yao.

2. Mizani MOJA. Hapa ndipo tulilia. Jumatatu kliniki ilisema 66.5, Ijumaa sista akapita kemisti ya pale steji akapima, 69.8! Akapanic, akaacha supper siku mbili, anakunywa chai kavu tu, na mtoto tumboni anangoja. Kumbe ilikuwa Julai, baridi ya Nairobi unaijua, alipanda na buti, jaketi nzito, simu mfukoni, na alikuwa ametoka kula chapati madondo. Tukarudi mizani ya kliniki, bila viatu, asubuhi: 66.8. Kwa hivyo pima mara moja kwa wiki, siku ile ile, kabla ya chai, nguo nyepesi, andika kwa kile kijitabu cha kliniki, mimi siamini app. Miezi mitatu ya kwanza kilo moja au mbili inatosha, baadaye karibu nusu kilo kwa wiki kama ulianza na uzito wa kawaida, na wiki moja ikiruka usijinyime chakula. LAKINI kilo zikiruka ghafla na uso au mikono imevimba, kichwa kinauma hakiachi ama unaona ukungu, hiyo si chapati, inaweza kuwa presha ya mimba, nenda hosi siku hiyo hiyo.

3. Kula. Wacha story za "unakula ya watu wawili", shosho atanisamehe. Miezi mitatu ya katikati unahitaji nyongeza ya kama kalori 340, ya mwisho 450. Hiyo 340 ni yai la kuchemsha, ndizi moja na kikombe cha maziwa, basi. Omena, ndengu na managu zinashinda hizo poda za bei. Chai iwe mbali na chakula, inazuia madini ya chuma, na odowa, yale mawe laini ya kutafuna, achana nayo.

4. Tembea nusu saa siku nyingi za wiki, kama daktari hajakukataza. Sista alikuwa anashuka matatu steji moja mapema.