Mvi za bibi zisipige umanjano

Mvi za bibi yangu hapa Ngamiani ni nyeupe kama pamba, ila jua na maji ya kisima yenye chuma huzitia umanjano. Namwoshea shampuu ya zambarau, rangi inayozima manjano. Kwa nywele za blichi zilizogeuka chungwa, tafuta shampuu ya buluu.

Vaa glovu. Lowesha nywele chapachapa, anza kupaka shampuu pale palipozidi umanjano. Kwake ni juu ya paji, mtandio usipofika. Pitisha kitana cha meno mapana, hesabu dakika 2, suuza mpaka maji yatoke meupe. Usizidishe! Siku moja nilimwacha dakika 15, akatoka na kivuli cha urujuani. Nikaziosha tena na tena kwa shampuu ya kawaida. Mara moja kwa wiki yatosha. Shampuu hii hukausha nywele, kwa hiyo paka kondishna.