Jinsi ya Kuchagua Klabu Inayofuata: Hesabu Dakika Kwanza

Somo hili ni kwa kijana mwenye ofa mbili mezani, na mzazi wake.

Hatua ya 1: Nani anacheza namba yako?
Hapa usiharakishe. Kama wewe ni beki wa kushoto, mabeki wa kushoto wako wangapi pale? Mikataba yao inaisha lini? Msimu uliopita kocha aliwapa vijana dakika ngapi za ligi? Mechi za kirafiki usizihesabu. Kiungo wa Norway, Martin Ødegaard, alisajiliwa na Real Madrid Januari 2015 akiwa na miaka 16, kisha akatolewa kwa mkopo Heerenveen, Vitesse, Real Sociedad na Arsenal, ndipo Arsenal wakamnunua mwaka 2021. Kipaji alikuwa nacho, nafasi ndiyo haikuwepo. Lakini kiungo wa England, Jude Bellingham, alipoondoka Birmingham City mwaka 2020, akiwa na miaka 17, alikwenda Borussia Dortmund, na msimu huohuo wa kwanza akacheza.

Hatua ya 2: Zungumza na kocha mwenyewe
Skauti, yaani mtafuta vipaji wa klabu, atakusifu, ndiyo kazi yake. Kocha muulize atakupanga wapi. Na kwa kuwa makocha hufukuzwa, muulize mkurugenzi wa ufundi swali hilohilo.

Hatua ya 3: Mkataba
Kwa kanuni za FIFA, aliye chini ya miaka 18 hafungwi mkataba wa zaidi ya miaka 3. Masomo, malazi na matibabu ukiumia viandikwe. Ahadi ya mdomo usiipokee, hata aliyeitoa akiwa mtu mwema.

MASWALI

*Shikamoo mwalimu. Nina miaka 16, kuna wakala anataka kunipeleka klabu ya nje, ila nilipe kwanza hela ya majaribio.*

Marahaba. Usilipe, mdogo wangu. FIFA imezuia uhamisho wa kimataifa kwa walio chini ya miaka 18, isipokuwa kwa sababu chache, kama wazazi kuhama kwa jambo lisilohusu mpira. Mwambie baba au mama leo hii.

*Mwalimu, klabu kubwa inaniweka timu ya vijana, ndogo inanitaka kikosi cha kwanza. Niende wapi?*

Mimi ningekwenda ndogo, mradi inalipa mishahara kwa wakati. Waulize wachezaji walioondoka pale. Waliopo wataogopa kukwambia.